Magunzi ya Mama

Kisima chetu kiko bondeni, chini ya shamba la mahindi, mbali kidogo na Mafinga. Maji yake maangavu, baridi mpaka meno yanauma. Mwaka ule mdogo wangu alikuwa amejifungua, na mtoto alikuwa akinyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo hayo.

Nilikwenda nyumbani na vikaratasi vya kupimia naitreti, kemikali yenye naitrojeni inayoyeyuka majini bila kuonekana. Nikachovya kimoja kwenye kikombe, nikangoja. Kikaanza waridi hafifu, kikakolea mpaka kikafanana na juisi ya rozela. Rangi ile ilipita miligramu 50 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani.

"Mbona nayachemsha mpaka yanatokota, mwanangu?" mama aliuliza, huku akisukumia magunzi mafigani.

Moyo uliniuma. Kuchemsha huua vijidudu, lakini naitreti haitoki kwa moto. Maji yanapopungua kwa mvuke, naitreti hubaki sufuriani na kuzidi kukolea. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6 huzuia damu kubeba oksijeni, midomo ikageuka bluu. Na chanzo ni sisi wenyewe: yurea tunayokuzia mahindi, pamoja na choo cha shimo kilichochimbwa upande wa juu wa kisima.

Siku ile ile maji ya mtoto yakaanza kuchotwa kwenye bomba la kijiji jirani, baada ya kulipima nalo. Kisha nikamwomba mama magunzi yake.

Tukajaza pipa la lita 200: magunzi yaliyokatwakatwa na maranda ya mashine ya mbao. Vumbi la msumeno tuliliacha, huziba. Maji yaliingia kwa chini kupitia mpira, yakapanda polepole, yakatokea juu. Mle ndani oksijeni ikiisha, bakteria hula kaboni ya magunzi na kupumulia naitreti, wakaigeuza gesi ya naitrojeni, ile ile iliyo asilimia 78 ya hewa.

Siku za kwanza yalitoka na rangi ya chai. Baadaye yakanuka yai viza, kwa sababu nilibana mpira mno, maji yakakawia mle ndani. Naitreti ikiisha, bakteria wengine hugeukia salfeti, chumvi ya salfa iliyomo majini, na kutoa harufu hiyo. Nikalegeza. Wiki ya tatu nikachovya kikaratasi mbele ya mama. Kikabaki karibu cheupe.

Mama alikigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango. "Kumbe ndiyo haya nilikuwa nachoma?"

Maji ya pipa hatukuyanywa, yalikuwa ya majaribio tu. Kesho yake tulianza kuchimba mtaro wa kujaza magunzi kati ya shamba na kisima, ili maji yapite humo kabla ya kufika kisimani, na mama akaja na gunia la kwanza la magunzi kichwani.