Boti ikivuta upande mmoja usishindane nayo kwa mkono

Wanaoendesha boti huku juu ya Ziwa Nyasa, kuanzia Matema kwenda Ikombe mpaka kule mwambao wa Ludewa, wengi hii hali wanaijua: injini ya zamani ya kushika mkono, ukienda taratibu imetulia, ukiongeza mafuta tu boti inataka kwenda kulia, basi njia nzima unaibana kwa kiwiko na bega, ukifika bega linawaka moto. Na ukiuliza unaambiwa ndo ilivyo, injini kuukuu hiyo, zoea. Mi hilo neno zoea silikubali kabisa. Ziwa lenyewe hili kwenye kina kirefu linapita mita 700, milima ya Livingstone imeingia majini moja kwa moja kiasi kwamba kuna sehemu hupati hata pa kutia nanga, halafu mwera ukianza kuvuma miezi ya kiangazi mawimbi yanapanda ghafla. Mtu aliyechoka mkono hapo anaweza akapoteza boti na watu.

Mjomba wangu ana boti ya mbao, inabeba vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa mwambao huu, kutoka Ikombe kuleta mnadani Lyulilo, injini yake mtumba wa stroku mbili uliotoka Dar. Siku naishika nikamwambia, mjomba, hii ukiachia inageuka yenyewe. Akanijibu, ndo maana siachii, mpwa wangu.

Sasa tuanze na kwa nini inavuta. Propela nyingi za injini moja zinazunguka kuelekea kulia ukiziangalia kwa nyuma. Ile shafti ya propela isipolala sawa na maji, yani injini ikiwa imeinama kwa ndani sana au imetupwa nje sana, jani la upande mmoja linakula maji mengi kuliko la upande wa pili, kwa hiyo injini inasukumwa igeuke kwenye ekseli yake ya usukani na wewe unalisikia hilo mkononi. Kwa hiyo kuvuta kidogo ni kawaida ya propela moja, na waliotengeneza injini walilijua hilo wakaweka dawa yake palepale.

Dawa yenyewe ni kile kipezi kidogo kilichoning'inia juu ya propela kwa nyuma, chini ya lile bapa la injini, yani kile kibao cha chuma kilicholala juu ya propela. Watu wengi wanakiona kama pambo, wengine hawajawahi kukiona kabisa maana kilishaisha. Hicho kina kazi mbili: kinageuzwa kulia au kushoto kusawazisha mvuto, na kwenye injini nyingi ndicho kinachojitoa kafara kiliwe na kutu badala ya bodi ya injini. Ndo maana injini iliyofanya kazi kwenye maji chumvi ya pwani ikifika huku unakuta kipezi kimebaki kisiki kama cha jino. Ya mjomba ilikuwa hivyohivyo, nusu imeliwa, na iliyobaki mtu alishaipaka rangi. Hicho hakipakwi rangi jamani, ukikipaka hakiliwi tena, kinacholiwa ni injini yako. Ukinunua kipya kwa ajili ya ziwa omba cha magnesiamu au aluminiamu, zinki ni ya maji chumvi, kwenye maji baridi haifanyi kazi vizuri.

Ila kabla hujakigusa kipezi angalia vingine kwanza, maana ukirekebisha kipezi kwenye injini iliyolegea unajidanganya. Ipandishe boti mchangani, shika mguu wa injini kwa chini uutikise kulia kushoto. Mguu ukigonga gonga, bushi za ekseli zimekwisha, au zile skrubu za kubania injini kwenye ubao wa nyuma zimelegea, au ubao wenyewe umeoza kwa ndani na hapo ni fundi mbao kwanza. Hakikisha injini imekaa katikati, pima kwa kamba kutoka pembe zote mbili. Angalia propela kama jani limepinda au limemeguka, huku mawe ni mengi. Halafu urefu: weka ubao ulionyooka chini ya boti uende mpaka kwenye injini, lile bapa linatakiwa liwe sawa na tumbo la boti au chini yake kama sentimita 2 na nusu hivi. Injini ikikaa juu sana kipezi kinakuwa nje ya maji, hata ukigeuze vipi hakina cha kushika.

Pini ya kuinamisha injini nayo ina matundu kadhaa pale kwenye bano, kile chuma kinachoishika injini kwenye ubao wa nyuma. Jaribu tundu tofauti mpaka boti ikienda kasi na mzigo wake wa kawaida lile bapa lilale sambamba na maji. Kuna boti mvuto unapungua sana kwa hiyo pini tu. Na mzigo upange katikati, vyungu vikijaa upande mmoja injini unaisingizia bure.

Baada ya hapo ndo kipezi, na hapa ndipo watu wanachanganya. Boti ikivuta kulia, mkia wa kipezi unaupeleka kulia. Ikivuta kushoto, mkia kushoto. Inaonekana kinyume lakini maji yakigonga mkia ulioenda kulia yanausukuma kushoto, injini inarudi. Sasa sisi wa kushika mkono tuna mtego mwingine: mkono wa injini umeelekea mbele, kwa hiyo boti ikienda kulia mkono unakusukuma kushoto. Usifuate mkono unapokusukuma, angalia pua ya boti inaenda wapi. Mjomba yeye aliniambia inavuta kushoto kwa sababu ndiko alikosikia bega likisukumwa, tungemfuata tungeongeza ugonjwa.

Kukigeuza, piga alama kwanza ujue kilipokuwa. Bolti yake kwenye injini nyingine iko kwa chini, nyingine iko kwa juu imefunikwa na kizibo cha mpira unaingiza soketi ndefu. Ikigoma usiivunje, bolti ya chuma ndani ya aluminiamu huwa inashikana, imwagie mafuta ya kulegezea uiache ilale. Geuza kidogo sana, kaza, nenda majini kwa mzigo uleule na kasi ileile, rudi, geuza tena kidogo. Safisha pale kinapokaa, chuma kwa chuma, bila rangi.

Kitu kimoja nitakisema kwa ukali. Kuna skrubu ya kukaza ugumu wa usukani, na mafundi wengine mtu akilalamika injini inavuta wanaikaza mpaka inagoma, wanasema imepona. Haijapona, imefichwa, na siku unatakiwa ukwepe mtumbwi wa wavuvi wa dagaa gizani unageuza haigeuki. Fungua hiyo skrubu, piga grisi ya majini kwenye nipo, kile kichuchu cha kuingizia grisi, mpaka ile ya zamani iliyoganda itoke yote na mpya ionekane, halafu kaza kiasi cha kuhisi uzito kidogo tu.

Ya mjomba sasa hivi ukiwa kasi ya safari unaiendesha kwa vidole. Ukipunguza mwendo inavuta kidogo, hilo haliishi kwa sababu kipezi kinasawazisha kasi moja, sisi tumechagua ile anayoitumia zaidi akiwa na mzigo. Na ile kamba ya kuzimia injini aifunge mkononi kila safari, injini inayovuta ukiiachia boti inapiga kona ya ghafla, inakutupa majini halafu inazunguka kukurudia na propela ikiwa inafanya kazi. Akibadilisha propela au akiongeza ubao wa nyuma tutakipima kipezi upya.