Walisema ni maji

Leo nimempeleka babu Uhuru Park kuona sanamu ya Mau Mau, wapiganaji wa uhuru wa Kenya. Mama anampa mpiganaji chakula, kila mmoja ametazama kando, ili akikamatwa na kuteswa asiwe na sura ya kutaja. Babu akasimama kimya, fimbo ikimtetemeka mkononi, kisha akasema: "Hola walisema ni maji."

Machi 3, 1959, mahabusu 11 wa Mau Mau walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Serikali ya kikoloni ikadai walikufa baada ya kunywa maji! Julai, bunge la Uingereza likabishana hadi usiku wa manane. Hata mbunge Enoch Powell wa chama tawala akaikemea serikali.

Fidia ya Uingereza kwa walioteswa enzi za Mau Mau ilikuja 2013, pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Wangapi walikuwa wameshazikwa? Inaniuma, jamani. Babu yuko nje sasa, chai yake imepoa.