Magamba ya njano

Jumapili usiku, Ngamiani, Tanga.

Majibu yamefika kutoka Muscat. Ni fangasi, tena yule yule niliyemwogopa tangu dada aliponitumia picha ya kwanza: Nannizziopsis guarroi. Daktari wa kule alikata kipande cha ngozi, maabara ikakitazama kwa hadubini na kukuta nyuzi za fangasi zimeshapenya chini ya magamba, halafu kipimo cha vinasaba kikamtaja kwa jina. Mpwa wangu kanitumia ujumbe wa sauti. "Shikamoo mjomba. Shaibu atakufa?" Nimeusikiliza tena na tena kabla sijamjibu.

Shaibu ni mjusi. Najua hapa kwetu mjusi hafugwi. Mjusi kafiri akionekana ukutani hutafutiwa ufagio, na kinyonga akikatiza njia hata watu wazima hurudi nyuma. Mama alipoambiwa kwamba mjukuu wake analala chumba kimoja na mjusi, alimwombea dua palepale kwenye simu. Lakini huyu si wa ukutani. Asili yake ni nchi kavu za ndani ya Australia, urefu wake unakaribia mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi vidole, na chini ya kidevu ana miiba laini ambayo huitunisha na kuigeuza nyeusi akikasirika, ndiyo maana watu humwita mjusi mwenye ndevu. Australia hairuhusu biashara ya kupeleka mijusi wake hai nje, kwa hiyo hawa wanaouzwa Uarabuni, Ulaya na Marekani wamezaliwa vizimbani, vizazi na vizazi. Ni wapole mno. Wakikutana, mnyonge humpungia mwenzake mkono mmoja taratibu, kumwonyesha kwamba hataki ugomvi. Mpwa wangu alihamia Oman akiwa mdogo, hajui mtu, na kiumbe huyo ndiye aliyemzoea kwanza. Kwa hiyo swali lake nalichukua kwa uzito wake wote.

Mimi natibu ng'ombe. Nilisomea chuo cha mifugo cha Buhuri, na siku zangu nyingi hupita kwenye mabanda ya ng'ombe wa maziwa. Fangasi wa ngozi ninayemjua ni wa choa cha ndama: viraka vya mviringo, vyeupe kama vimepakwa majivu, kuzunguka macho na shingoni. Mchunga ndama naye humtoka mikononi. Inaudhi, lakini ndama anayekula vizuri na kupata jua mara nyingi hupona baada ya miezi michache, hata asipopakwa kitu. Ndiyo maana mtu akikwambia mnyama wake ana fangasi wa ngozi, moyo haushtuki. Kwa mjusi huyu inafaa ushtuke.

Ugonjwa wake huanza na doa dogo la njano au kahawia kwenye magamba. Mijusi hujivua ngozi, na pale penye doa ngozi ya zamani haitoki. Inabaki imeng'ang'ania, inakuwa nene, inajenga gaga, kisha inapasuka na kuwa kidonda. Hapo fangasi hasimami. Huingia kwenye nyama, hufika kwenye mfupa, na akiachwa aendelee hukutwa kwenye ini na mapafu. Mnyama anaacha kula, anakonda, mkia unabaki mifupa. Mwenye mnyama huwa anatazama ngozi tu, na kila siku anajiambia kesho itatoka.

Ndivyo ilivyokuwa kwa dada. Waliona doa la njano tumboni wakadhani anajivua. Lilipokua walimpeleka kwa daktari wa kwanza, akatoa dawa ya kuua bakteria na mafuta ya kupaka. Dawa ya bakteria haimgusi fangasi, na humwondolea mjusi vijidudu vya tumboni vinavyomsaidia kusaga chakula. Wiki zikaenda, doa likawa mawili, likafika kwenye paja.

Picha zilipoanza kunijia nilimwambia dada jambo moja tu, nikalirudia: ngozi ikatwe, ipimwe. Alikataa mwanzoni. "Mdogo wangu, anaumwa hivi halafu wamkate tena?" Nilimwelewa. Lakini kwenye simu, kuungua na taa ya joto, kidonda cha bakteria na fangasi huyu vyote ni rangi ya njano na kahawia, na dawa zake haziendani. Hata kusugua juu ya gamba kwa pamba hakutoshi, kwa sababu juu ya ngozi ya mjusi kuna fangasi wa kila namna waliotoka kwenye mchanga na majani, wasio na kosa lolote. Lazima uone yule aliyeingia ndani. Nashukuru alikubali, na nashukuru walimpata daktari anayejua mijusi.

Jina lenyewe lina historia ambayo mimi niliihitaji ili niamini nilichokuwa nikisoma. Kwa miaka mingi maabara ziliwaweka fangasi hawa wote kwenye kapu moja, chini ya jina refu moja. Mwaka 2013 wataalamu waliwachambua upya kwa vinasaba, ikaonekana ni aina nyingi tofauti: huyu ana mijusi wake, yule ana nyoka wake. Guarroi alikuwa ameshaelezwa kabla ya hapo kutokana na iguana wa kufugwa kule Hispania, na ndiye anayewasumbua sana hawa wenye ndevu. Huambukiza kwa kugusana, na mbegu zake hukaa kwenye kizimba, kwenye gogo, kwenye mikono ya mtu aliyetoka kumshika mgonjwa.

Dawa nayo si ya kuchukua popote. Ipo itrakonazoli, ambayo madaktari wengi wanaijua, lakini kwa mijusi hawa inaweza kuumiza ini vibaya. Mwaka 2010 watafiti wa Ubelgiji waliwatibu wagonjwa wachache, kundi moja kwa itrakonazoli na jingine kwa vorikonazoli. Wengi wa kundi la kwanza walikufa. Katika kundi la pili karibu wote walipona. Ni wanyama wachache kwa kweli, lakini ukiwa na mgonjwa mkononi hao wachache ni mwanga mkubwa. Daktari wa Shaibu amechagua vorikonazoli, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku kwa mdomo. Shaibu ana gramu 380, maana yake ni miligramu 3.8. Tone la dawa. Mwenye kukosea hapo anamuua.

Nimekaa sana leo kwenye suala la joto, kwa sababu huko ndiko ninakoona mlango uliachwa wazi. Mjusi hajipashi mwenyewe. Damu yake hufuata mahali alipo, na kinga yake hivyo hivyo. Huyu wa Australia anataka pahali pa kuotea pafike nyuzi joto 40 hivi, upande mwingine pawe na ubaridi wa kiasi, pamoja na taa ya miale ya jua na hewa kavu. Nyumba za Muscat wakati wa kiangazi kiyoyozi hakizimwi. Nje panaungua, ndani mtoto anajifunika blanketi, na mjusi yumo humo humo. Taa yake ilikuwa imechoka bila mtu kujua. Nimemwomba dada anunue kipimajoto, akiweke palepale Shaibu anapolaza tumbo. Ukutani hakitamwambia kitu.

Na hapa mawazo yangu hunirudisha Muheza nilikokulia. Vijana wa rika langu walikuwa wakipanda njia ya Amani, kwenye milima ya Usambara, usiku na tochi kutafuta vinyonga, maana kinyonga akilala hupauka, ukimmulika unamwona hata akiwa juu ya tawi. Waliwauza. Vinyonga wa milima tofauti, ambao kwa maisha yao wasingekutana, walijazwa sanduku moja wakisubiri safari, bila maji, wakipandana. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Wakati ule sikuwa na la kusema. Leo nasoma kwamba miaka ya 1990, Amerika Kaskazini, madaktari walikuta vinyonga wa kufugwa wakioza ngozi kwa fangasi wa ukoo mmoja na huyu wa Shaibu, nami naliona lile sanduku. Msongamano, kiu, baridi, wageni wasiofahamiana: ukitaka kumwandalia fangasi huyu karamu, huna cha kuongeza.

Kinachonikosesha raha zaidi ni Brisbane, kule Australia. Huko, mwaka 2020, watafiti waliandika kwamba ndugu yake, Nannizziopsis barbatae, yuko kwenye mijusi wa mwituni, wanaoishi kwenye bustani za mji. Mjusi wa mwituni hana wa kumpa tone la dawa kila asubuhi. Baadhi ya vinyonga wa Usambara hawapatikani kwingine duniani. Ningependa kila anayefikiria kuingiza mjusi wa kigeni nchini, au kumwachia porini aliyemchoka, alijue hilo kabla hajafanya.

Mama aliuliza kuhusu mtoto, na hilo ni swali la haki. Fangasi wa ukoo huu wamewahi kupatikana kwa binadamu, hasa wenye kinga dhaifu, lakini aina zilizowapata ni tofauti na hizi za mijusi. Hata hivyo nimeagiza glavu, mikono kuoshwa kwa sabuni, na vyombo vya Shaibu visioshwe jikoni.

Kizimba kimemwagwa chote. Mchanga umetupwa, gogo limetupwa, chini yametandikwa magazeti yanayobadilishwa kila siku. Rafiki wa mpwa wangu ana mjusi jike na wamezoea kuwakutanisha Ijumaa. Nimesema hapana, na yule jike achunguzwe naye. Damu itachukuliwa kila baada ya wiki kadhaa kuangalia ini.

Mpwa nimemjibu hivi: "Marahaba mwanangu. Anaumwa sana. Wapo wanaopona na wapo wanaokufa, na matibabu ni ya miezi, si ya siku. Dawa apewe saa ile ile kila siku, na ukiona doa jipya usimfiche mama." Kanijibu kwamba ameshaandika saa kwenye karatasi na kuibandika mlangoni. Kesho asubuhi anampima uzito kwenye mizani ya unga, ambayo dada ameshaisamehe, na namba nitaipata kabla sijaenda kwenye mabanda.