Dakika 47 za Brandon Swanson

Kijana wa miaka 19 asiporudi nyumbani, jambo la kwanza linalosemwa ni kwamba huyo ni mtu mzima, atarudi mwenyewe. Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nifuatilie kwa muda mrefu kisa cha Brandon Swanson wa Marshall, mji mdogo uliozungukwa na mashamba kusini-magharibi mwa jimbo la Minnesota, Marekani, ambaye hajaonekana tangu usiku wa kuamkia tarehe 14 Mei 2008.

Usiku huo alikuwa ametoka kusherehekea na wenzake kumalizika kwa mwaka wa masomo. Kutoka Canby, alikosoma, hadi nyumbani kwao ni takriban kilomita 50 kwa barabara kuu, lakini yeye alipitia barabara za changarawe za katikati ya mashamba, na huko gari lake likaingia mtaroni. Hakuumia. Alipiga simu nyumbani, nao wazazi wake wakaondoka kumfuata karibu na mji wa Lynd, mahali alipoamini kwamba yupo.

Wazazi waliwasha na kuzima taa za gari lao huku wakimwuliza kwa simu kama anaziona. Naye akafanya vivyo hivyo kwa taa za gari lake, lakini hakuna aliyeona kitu. Mwishowe akaamua kutembea kuelekea taa alizoziona kwa mbali, akidhani ni za Lynd, na njiani akawa anamweleza baba yake kwamba anapita penye uzio na kwamba anasikia maji. Baada ya dakika 47 za mazungumzo akatamka neno moja la mshtuko, kisha kimya. Walimpigia tena na tena. Simu iliita, haikupokelewa.

Asubuhi waliporipoti polisi, walijibiwa kwamba si ajabu kijana wa umri huo kukesha nje baada ya kufunga chuo. Jibu hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu walioripoti hawakuwa wazazi wenye wasiwasi tu, bali watu waliomsikia mtoto wao akipotelea simuni. Kumbukumbu za simu zilipopatikana, zilionyesha kwamba alikuwa upande wa Porter, zaidi ya kilomita 30 kutoka Lynd, na gari likakutwa karibu na Taunton. Usiku kucha walikuwa wamemtafuta mahali asipokuwapo.

Mbwa wa kunusa walifuata harufu yake hadi Mto Yellow Medicine. Mto ulipekuliwa bila mafanikio, na kuyapekua mashamba kukawa kunategemea misimu ya kilimo: watafutaji na mbwa wao huingia baada ya mavuno au kabla ya kupanda, mazao yakishastawi hakuna namna. Wapo wanaoamini kwamba alizama. Nami naiona dhana hiyo kuwa na uzito, maana yeye mwenyewe alitaja maji, ingawa hata simu yake haijapatikana.

Wazazi wake hawakuishia kwenye kutafuta. Walilishughulikia suala hilo mpaka jimbo likapitisha sheria yenye jina la mtoto wao, iliyoanza kutumika Julai 2009. Kwa sheria hiyo polisi wa Minnesota hawaruhusiwi kuikataa ripoti kwa sababu tu aliyepotea ni mtu mzima, au muda uliopita ni mfupi, au hakuna dalili ya uhalifu, au inadhaniwa ameondoka kwa hiari yake. Na ikionekana yuko hatarini, uchunguzi uanze papo hapo. Huku kwetu bado nasikia watu wakiambizana kwamba lazima zipite saa 24 kwanza. Ningependa kila mzazi anayeambiwa hivyo akatae kuondoka kituoni kabla ripoti yake haijaandikwa.