Shamba la nyuma ya kanisa lisijengwe

Jamani, jana nimepeleka pingamizi langu halmashauri. Kijiji chetu hapa Hertfordshire kimo ndani ya ukanda wa kijani, yaani ardhi inayozuiwa kujengwa ovyo, unaoizunguka London, uliopata sheria yake ya kwanza mwaka 1938 ili jiji lisitanuke likameza kila kitu. Sasa kuna kampuni inataka kujaza nyumba kwenye shamba la nyuma ya kanisa.

Shamba hilo nalijua. Kila majira ya baridi upande wake wa chini hutuama maji, ukipita na mabuti ya mpira yananasa kwenye tope mpaka uyang'oe kwa mikono. Mkimwaga zege na lami pale, maji yale yatateremkia nyumba za wazee bondeni. Hilo ndilo nililoandika, na picha nimeambatisha.

Mnaotaka kupinga, zingatieni: ukilalamika kwamba utakosa mandhari dirishani au nyumba yako itashuka bei, hawahesabu. Andikeni mafuriko, msongamano wa magari, shule iliyojaa, ndege wanaotaga kwenye ua wa miti.

Najua watu wanahitaji nyumba, mimi mwenyewe nimepanga chumba miaka mingi kwa kodi ya kuumiza. Lakini tangu Desemba 2024, serikali ilipolegeza masharti kwa sehemu za ukanda inazoziita za kijivu, yaani zilizokwisha kujengwa au zisizosaidia sana kuzuia jiji kutanuka, wajenzi wanakimbilia mashamba, huku viwanja vya viwanda vilivyofungwa mjini vikiota magugu. Waanze huko! Maoni yanafungwa Ijumaa, majirani zangu, tumeni.