Shida Ikikulaza Macho, Kaa na Zaburi Moja

Mtu ambaye saa tisa usiku bado anawaza karo na kodi ya nyumba hasomi Biblia, anaipekua. Anatafuta mstari mmoja wa kumtuliza upesi, akiukosa anarudi kwenye simu. Wengi wanaosema Neno limekuwa kavu kwao wamechoshwa na kupekua huko. Mimi nashauri hivi: chukua sura moja fupi ukae nayo siku saba, hata kama siku ya pili hujasikia chochote.

Anza na Zaburi ya 13. Ina mistari sita, na ukiisoma kwa sauti haimalizi dakika moja. Unaweza kuipitia mara kadhaa ndani ya matatu kutoka Kondele hadi stendi ya Kisumu mjini. Itazame kwa karibu. Mstari wa 1 na wa 2, Daudi anamuuliza Mungu "hata lini" mara nne. Ya tatu ndiyo inayomgusa mwenye madeni: "Hata lini nifanye mashauri nafsini mwangu, nikihuzunika moyoni mchana kutwa?" Hayo mashauri ni zile hesabu za kichwani: nikilipa chama, mwenye ploti nitamwambia nini, nikimlipa mwenye ploti, mtoto atafukuzwa shule. Kumbe hesabu hizo zina nafasi ndani ya sala, tena mwanzoni kabisa. Mstari wa 3 na wa 4 ni maombi yenyewe, na yamesemwa bila kuzunguka: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Tumaini linatajwa mstari wa 5. Anayeanza na mstari wa 5 na kuruka minne ya kwanza anajilazimisha kuimba kabla hajalia, na sauti yake haifiki mbali.

Siku ya kwanza na ya pili, isome mara tatu asubuhi na mara tatu usiku, na mdomo usikike. Hili si pambo. Zaburi 1:2 inaposema mwenye heri huitafakari sheria mchana na usiku, neno la Kiebrania lililopo pale ni la kunong'ona, kutoa sauti ya chini. Ndilo linalotumika kwa ngurumo ya simba katika Isaya 31:4 na kwa maombolezo ya njiwa katika Isaya 38:14. Macho yakisoma peke yake huruka maneno, mdomo hauruki.

Siku ya tatu hadi ya tano, chukua daftari uandike zaburi hiyo upya kwa mambo yako. Andika kiasi kamili cha deni, taja ugonjwa kwa jina lake. Tahadhari moja hapa: panaposema "adui", usiandike jina la jirani wala la mama mkwe. Zaburi ikigeuzwa silaha ya kumlenga mtu wa boma, uchungu unaongezeka badala ya kupungua. Andika kinachokula usingizi wako, kama ni riba, andika riba.

Siku ya sita na ya saba, iseme bila kitabu. Ukikwama, soma tafsiri ya lugha uliyolelewa nayo. Biblia ya Kiswahili cha Union ina mdundo mzuri wa kukariri, lakini kilio cha Kidholuo, Kiluhya au Ekegusii humfika mtu mahali ambapo Kiswahili cha madhabahuni hakifiki.

Kuna mistari inayovunja watu moyo kwa sababu imeng'olewa ilipopandwa. Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani, umejaa kwenye kalenda na vibandiko vya matatu. Ni sehemu ya barua kwa watu waliohamishwa Babeli, na mstari wa 10 unawaambia watakaa huko miaka 70. Mstari wa 5 unawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake. Anayeusubiri kama muujiza wa mwisho wa mwezi atadhani Mungu amemdanganya. Aliyesoma barua yote atashika jembe huku akingoja. Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", ni hivyo hivyo: Paulo aliandika akiwa kifungoni, na mstari wa 12 unaeleza hayo "mambo yote" ni yapi: kushiba na kuona njaa.

Matangani ndiko tunakoumizana zaidi. Mgeni anafika, hata hajakaa, anamtupia mfiwa Warumi 8:28, kwamba katika mambo yote Mungu huwapatia mema wampendao. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipokaa naye chini bila kusema neno (Ayubu 2:13). Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, na katika 42:7 Mungu mwenyewe anawakemea. Ukienda matanga Vihiga au Siaya, beba sukari, osha vyombo, kaa. Mfiwa akitaka Neno ataomba, na hapo msomee zaburi nzima taratibu.

Usiache dawa kwa sababu unasoma Neno. Nabii Isaya aliyemletea mfalme Hezekia, aliyekuwa mgonjwa, ahadi ya kupona ndiye aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:7). Na nabii Elia alipoomba afe chini ya mti wa mretemu, katika 1 Wafalme 19, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha mara ya pili ale. Kwa hiyo kula kwanza, hata kama ni uji. Kama wazo la kujiua linakuja, mwambie mtu leo hii na mwende hospitali pamoja. Zaburi mtaisoma mkiwa kwenye foleni.

Wiki ikiisha na mstari wa 5 bado haukutoki mdomoni, usijisukume. Hamia Zaburi ya 88. Hiyo haina kibwagizo cha furaha, mstari wake wa mwisho unaishia gizani, na bado imo ndani ya Biblia pamoja na nyingine 149. Isome wiki nzima kwa utaratibu ule ule, kisha urudi kwenye ya 13.