Bomba, baridi ya Mbeya na vifundo vya mikono

Mi ni msusi hapa Mwanjelwa na hobi yangu ni dansi la bomba, lile la kupanda bomba la chuma lililosimama wima ukazunguka nalo na kujigeuza kichwa chini. Mteja akishasikia tu anauliza hivi dada huogopi kuvunjika kiuno? Kiuno wala sikiwazii, mi nawaza vifundo vya mikono, maana hivyo ndio vinasuka, vinalipa kodi, na ndio hivyo hivyo jioni navipa mwili mzima vibebe.

Wanaosema ni mambo ya baa sibishani nao sana. Wahindi wana mallakhamb, mazoezi ya kwenye nguzo ya mbao toka enzi hizo, Wachina wanapanda nguzo kwenye sarakasi, na mwaka 2017 mchezo huu wa bomba ulipewa hadhi ya mwangalizi na GAISF, uliokuwa mwamvuli wa mashirikisho ya michezo duniani. Ni mazoezi, tena magumu.

Sasa kifundo. Mle ndani kuna vimifupa 8 vidogo vidogo vimeshikiliwa na kano, ukining'inia vinavutwa, ukisukuma bomba kwa mkono wa chini vinaminywa, na ubaya mkubwa unakuja pale unaposukuma huku kifundo kimekunjika. Kwahiyo mkono wangu wa chini nashika hivi, vidole vingine vinakumbatia bomba ila cha shahada nakinyoosha kinaangalia chini kufuata bomba, ukifanya hivyo kifundo kinanyooka chenyewe na uzito unapita kwenye mfupa wa mkono moja kwa moja mpaka begani. Jaribu hata kwenye nguzo ya kibaraza sasa hivi, kunja kile kidole halafu kinyooshe, utasikia tofauti kabla hata hujanyanyua mguu. Bega nalo lishuke lisigande sikioni, bega likilegea mzigo wote unaangukia kifundoni na kwenye kiwiko.

Kuna ile staili ya kuupinda mkono wa juu, kiganja kinageukia nje na gumba linaangalia chini, inapendeza sana kwenye video ila kwa mtu wa hobi kama mimi naona haina faida, inasokota kifundo na bega kwa pamoja wakati umebeba uzito wote. Siifanyi na mtu anayeanza namwambia asiiguse.

Halafu hii baridi yetu. Mwezi wa sita na wa saba hapa Mbeya chuma kinakuwa kama barafu, kinateleza, na kikiteleza unaminya kwa nguvu zaidi, ukiminya zaidi misuli ya mkono inachoka mapema na ikichoka ndio kifundo kinakunjika. Na baridi hiyohiyo ndio inatufanya tujipake mafuta ya mgando asubuhi ngozi isipasuke, sasa siku ya mazoezi mafuta hapana, bomba lifute na spirit, kisha chukua kitambaa cha maji ya moto ulikande lipate joto halafu ulikaushe vizuri. Jiko la mkaa usiingize chumbani ukafunga madirisha jamani, ile hewa ya mkaa inaua watu na haina harufu.

Unene wa bomba nao unagusa kifundo hichohicho. Kwenye mashindano wanatumia la milimita 45, ukienda hadwea ukasema nipe bomba la maji la inchi moja na nusu utapewa lenye kama milimita 48 kwa nje, tofauti inaonekana ndogo ila mwenye vidole vifupi ataisikia kwenye gumba. Na fundi asije akafunga kwenye jipsam! Lifungwe kwenye zege au mbao ya kenchi yenyewe.

Mi kabla ya kupanda napiga magoti, nashika chini kwa viganja, nayumba mbele na nyuma taratibu mpaka vifundo vipate moto. Nikimaliza navalisha vidole ule mpira wa kufungia hela naufungua na kuufunga, kwasababu siku nzima msusi ni kubana tu, kufungua hatufungui. Siku niliyosuka rasta ndogo kutwa nzima bomba siligusi, nafanya miguu na tumbo. Bandeji ya kifundo sawa inakumbusha usikunje ila uzito wako haibebi.

Maumivu nayo yanatofautiana. Ganzi ya usiku kwenye gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya cha pete ni mshipa wa fahamu unabanwa, kusuka kutaufanya mbaya zaidi, pumzika ukamwone mtu wa fiziotherapia. Maumivu ya upande wa kidole cha mwisho ukikamua nguo au kuzungusha ufunguo, hapo acha kabisa kusukuma na kusokota. Na ukianguka ukajizuia kwa kiganja, bonyeza kile kishimo kilichopo chini ya gumba, kikiuma nenda hospitali siku hiyohiyo, kuna kimfupa pale kinaweza kupasuka na picha ya kwanza isionyeshe kitu, kwahiyo hata ukiambiwa picha iko safi lakini bado panauma omba wakufunge mkono na urudi kupiga nyingine baada ya siku 10 mpaka 14.